Makaa Chini ya Majivu

Nyinyi mlio darasani pamoja na mwalimu, fungueni daftari zenu. Leo tutasoma historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya watu waliotafuta nyota zisizoonekana.

Peleka kiganja chako karibu na makaa yaliyofunikwa na majivu. Macho hayaoni moto, lakini kiganja chapata joto. Joto hilo ni mwanga wa namna nyingine, nao huitwa infraredi. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipokuwa na rangi yo yote. Kipimajoto kikapanda!

Sasa tuje kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia baharini, karibu na Malindi. Ilichukua chombo cha Wamarekani cha kupima eksirei zitokazo angani, nacho kikaitwa Uhuru. Jina zuri, na sisi twalijua maana yake.

Nyota hukaa pamoja kwa mabilioni, na mkusanyiko huo huitwa galaksi. Galaksi nazo hukaa makundi makundi, kama nyumba za kijiji. Uhuru kilionyesha kwamba makundi hayo yatoa eksirei nyingi. Wataalamu wakafahamu kwamba kati ya galaksi mna gesi yenye joto la mamilioni ya digrii.

Hapo ubishi ukaanza. Kitu cha moto kikitoa nguvu yake hupoa. Gesi ikipoa hujikusanya, na ikijikusanya huzaa nyota. Hesabu zilisema kwamba katikati ya makundi mengine zapaswa kuzaliwa nyota mamia kila mwaka. Darubini za kawaida ziliona chache tu. Je, hesabu ni mbovu, au nyota zimefichwa? Kwa maana nyota changa huzaliwa ndani ya vumbi zito, nalo vumbi likipata joto hutoa infraredi, kama makaa yetu yale.

Basi mwaka 1983 kilirushwa chombo IRAS, na mwaka 2003 chombo Spitzer. Viliona vumbi lenye joto katikati ya baadhi ya makundi, kama katika galaksi NGC 1275 ya kundi la Perseus. Nyota changa zilikuwapo pia, ila chache mno kuliko hesabu. Vumbi halikuficha mamia. Wataalamu wengi sasa wasema shimo jeusi lililo katikati hutupa nguvu nje na kuipasha gesi moto tena, kama mtu apulizaye jiko lisizimike.

Lakini mwaka 2012 ilitangazwa habari ya kundi liitwalo Phoenix. Galaksi yake ya katikati huzaa nyota zipatazo 740 kila mwaka. Galaksi yetu huzaa chache tu. Huko gesi yapoa karibu kama hesabu zilivyodai.

Sasa andikeni katika daftari: kwa nini kiganja chajua moto ambao jicho halikuuona? Mwalimu atasahihisha.