Babu, Bao na Rimoti

Hebu nianzie Ujiji, nizunguke dunia, kisha nirudi. Barazani jirani na kwetu wazee walikuwa wakicheza bao kila alasiri: mashimo 32, kete 64, na watazamaji wenye maneno kuliko wachezaji. Babu yangu, mvuvi wa dagaa wa zamani, alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Akaelekezwa mazoezi: inua mkono mara kumi, kunja vidole mara kumi. Siku ya tatu akagoma. "Kwani mimi mtoto wa chekechea?" Lakini ikifika saa kumi, mzee huyo huyo anashika mkongojo, huyoo barazani, kwa sababu jana kuna mtu alimfunga na amelala na hasira. Na kete alizishika kwa mkono ule ule mbovu. Wa kushoto, eti, haushiki kete mbele za watu.

Kisa hicho kilinirudia niliposoma habari za michezo ya video katika makao ya wazee. Vijana tunadhani gemu ni zetu. Kumbe mwaka 1983 jarida la Kimarekani, The Gerontologist, lilishachapa makala kuhusu michezo ya kompyuta kwa wazee dhaifu! Wakati ule ilikuwa kazi ya vidole na macho tu. Mwili uliingia Novemba 2006, kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilipotoa mashine ya Wii. (Kampuni hiyo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, kwa hiyo wacheza karata wa Kigoma wasijione wageni.) Rimoti yake inahisi mwendo: ukirusha mkono, tufe kwenye televisheni linabingirika na kuangusha vigingi. Kufikia 2007 makao ya wazee huko Marekani yalikuwa yakishindanisha wakazi wake. Hata wa kiti cha magurudumu aliweza kutupa tufe akiwa ameketi, wenzake wakishangilia.

Je, inaponya? Tusidanganyane. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017, uliokusanya majaribio 72 yenye wagonjwa wa kiharusi 2,470, ulikuta kwamba kwa upande wa mkono michezo hii haikuyazidi mazoezi ya kawaida. Ilielekea kufaa ilipoongezwa juu ya matibabu ya kila siku. Mimi naona mashine ilimpa mzee kitu kimoja ambacho karatasi ya mazoezi haina: mtu wa kumshinda.

Kwetu wazee wengi hutunzwa na ndugu, ingawa makazi yapo, kama Nunge kule Kigamboni na Kolandoto, Shinyanga. Wii sikuwahi kuiona Ujiji, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2013. Siku moja nilimpeleka Babu kwenye kibanda cha gemu. Akawatazama vijana na mpira wao wa kwenye skrini, vidole gumba vikihangaika. "Wanaokimbia ni wale mle ndani," akasema, "hawa wamekaa." Laiti ingekuwapo gemu ya kupiga kasia, usiku, karabai zikiwaka ziwani! Bega lake lingejua la kufanya.

Masika yaliyopita mpinzani wake mkubwa alifariki, baraza likavunjika. Mkongojo ukakaa nyuma ya mlango. Basi nikaazima bao, nikaliweka kibarazani, hatua sita kutoka kitandani kwake. Ananifunga kila siku na kunitukana vizuri. Wiki hii nimelihamishia chini ya mwembe.