Kinyago Kilirudi, Ngoma Je?

Kila mwaka ninapowauliza wanafunzi wangu sanaa ya Kimakonde ni nini, wengi hunitajia vinyago vya mpingo vinavyouzwa Mwenge, Dar es Salaam. Jibu hilo si kosa, ila linaanzia katikati ya historia. Kabla mpingo haujawa bidhaa ya watalii, Wamakonde wa ng'ambo zote mbili za Ruvuma walikwisha kuchonga kwa ajili ya wafu wao.

Wafu wamepewa sura katika jamii nyingi za Afrika. Waakani wa Ghana ya leo walifinyanga vichwa vya udongo kwa kumbukumbu ya watawala na watu wakubwa waliofariki, wakavichoma na kuviweka mahali maalumu karibu na makaburi. Sura ilitulia pale, na walio hai ndio walioiendea.

Kwa Wamakonde, mfu ndiye aliyekuja. Katika sherehe za jando, mcheza mapiko alivaa kinyago cha mti mwepesi, chenye chale usoni na mara nyingi nywele halisi za binadamu, mwili wake ukafunikwa kwa nguo. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba yule si mtu bali ni mzimu, amerejea kuwapokea vijana wanaoingia utu uzima.

Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa, pamoja na vitu vingine, katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Madai yalianza 1990. Makubaliano ya kukirejesha yalitiwa saini tarehe 10 Mei 2010. Miaka 20, kinyago kimoja!

Tulishangilia, na tulistahili. Lakini sheria ilikirejesha kama mali, na kinyago hiki hakikuchongwa kiwe mali. Kichwa cha Kiakani kilitimiza kazi yake kikiwa kimetulia. Lipiko lisilochezwa limenyamazishwa. Kabati la kioo hulilinda na mwizi, halililindi na usahaulifu.

Kwa hiyo nawaomba maofisa utamaduni wa Mtwara, Newala na Tandahimba: waendeeni wazee wa ngoma wangali hai. Andikeni majina ya vinyago, nyimbo na hatua, kwa ridhaa yao, na yale wanayoyaita siri yabaki siri. Mwizi wa 1984 alichukua mti. Tukizembea, yaliyobaki tutakuwa tumeyapoteza wenyewe, na hakutakuwa na Geneva ya kuidai.