Busang: dahabu ya kwenye makaratasi na pensheni za walimu

Testi zimeisha, hosteli imetulia kidogo, basi leo niwaletee historia. Swali lenyewe ni hili: kampuni inayotafuta dahabu, ambayo haijachimba hata gramu moja, thamani yake utaijuaje? Najua kuna wenzangu wa ualimu watasema hayo ni ya watu wa jiolojia na biashara, sisi yanatuhusu nini. Subirini. Katika kisa hiki walimu wamo, tena ni miongoni mwa waliolipa.

Tuanze na kampuni yenyewe ya utafutaji. Haina mgodi wala mauzo. Ina leseni ya eneo, ina wataalamu, ina mashine ya kuchoronga mwamba. Mashine inatoa mawe marefu, yale tuliyoyaita mche duara kwenye hisabati. Mawe yanapelekwa maabara, wanapima kuna gramu ngapi za dahabu katika kila tani ya mwamba. Halafu wanaangalia mashimo yako mangapi, yameachana umbali gani, yameenda kina gani, ndipo wanakadiria chini kuna wakia ngapi (wakia moja ya dahabu ni gramu 31 na kidogo). Tarakimu hiyo ikitangazwa, hisa zinapanda au zinashuka. Kwa hiyo anayenunua hisa ananunua imani juu ya mawe ambayo hajawahi kuyaona.

Sasa twende Kanada. Bre-X ilikuwa kampuni ndogo ya David Walsh, makao yake Calgary, na hisa zake ziliuzwa kwa senti. Mwaka 1993, kwa ushauri wa mjiolojia John Felderhof, ilinunua eneo la Busang, ndani ya misitu ya Kalimantan Mashariki huko Indonesia, kwa dola za Marekani 80,000 hivi. Kazi ya uchorongaji kule porini ilisimamiwa na Michael de Guzman, mjiolojia kutoka Ufilipino.

Majibu ya maabara yakaanza kuja, na yalikuwa matamu. Mwaka 1995 zikatajwa wakia milioni 30. Mwaka 1996 zikapita milioni 40. Februari 1997 wakafika milioni 70, yaani zaidi ya tani 2,000 za dahabu, na Felderhof alifikia kutaja hata milioni 200. Thamani ya kampuni sokoni Toronto ikapita dola bilioni 6 za Kanada. Makampuni makubwa yakaanza kugombea. Barrick ikaingia kwa kushirikiana na binti wa Rais Suharto, baadaye Suharto na swahiba wake Bob Hasan wakapanga mambo yao, na mwishowe Freeport-McMoRan ya Marekani ikapewa asilimia 15 na kazi ya kuendesha mgodi. Jamani, watu wanagawana mgodi ambao hakuna mtu wa nje aliyeupima!

Freeport ndio walikuwa wa kwanza kufanya jambo la maana. Walichoronga mashimo mapya pembeni kabisa ya mashimo ya Bre-X. Dahabu hawakuiona, labda chembe za kutafuta kwa darubini. De Guzman akaitwa arudi Busang kueleza. Tarehe 19 Machi 1997 alianguka kutoka kwenye helikopta juu ya msitu, akafa. Wiki moja baadaye Freeport wakatangaza walichokikuta, na kesho yake hisa zikapoteza zaidi ya asilimia 80 kwa siku moja. Mwezi Mei kampuni huru ya Strathcona ikamaliza kila kitu: sampuli zilichezewa, kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana katika historia ya uchimbaji. Wakia milioni 70 zikawa sifuri.

Walifanyaje? Maabara kule Balikpapan ilipima kwa haki. Tatizo ni kwamba mawe yaliyosagwa yalitiwa unga wa dahabu kabla ya kufika maabara. Vipimo vilikuwa vya kweli, ushahidi ndio ulikuwa wa uongo.

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapata kazi. Si tunafundishwa kila siku kuhoji chanzo? Basi tuihoji Busang kwa yale yaliyokuwa wazi.

Kwanza, jiwe lenyewe liko wapi? Desturi ni kupasua ule mche katikati, nusu inakwenda maabara, nusu inatunzwa ili mwingine akitilia shaka apime tena. Bre-X walisaga sehemu kubwa ya mche wote. Sababu yao ilikuwa kwamba dahabu ya Busang haikutawanyika sawasawa, kwa hiyo lazima upime jiwe kubwa. Kwa sikio la kitaalamu hoja hiyo inaingia akilini. Ila matokeo yake ni kwamba nyaraka zilichomwa, tukabaki na muhtasari wa mtu mmoja.

Pili, dahabu inafananaje? Iliyotoka ndani ya mwamba mgumu huwa na kona kona. Chembe za Busang zilikuwa za mviringo, kama dahabu iliyosuguliwa na maji ya mto.

Tatu, nani amehakiki? Kampuni ya uhandisi iliyokokotoa zile wakia ilikuwa ya nje, ndiyo, lakini ilitumia takwimu za Bre-X wenyewe. Hesabu sahihi juu ya takwimu za uongo inazaa uongo uliopigwa mhuri.

Na hata kama dahabu ingekuwepo, wakia za ardhini si pesa mfukoni. Lazima ujue iko kina gani, inatenganishwaje na mwamba, umeme na barabara vipo, na serikali itachukua kiasi gani. Ndiyo maana wataalamu wanatenganisha rasilimali, yaani kinachokadiriwa kuwepo, na akiba, yaani kinachoweza kuchimbwa kwa faida.

Sasa walimu. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario uliripotiwa kupoteza kama dola milioni 100 za Kanada kwenye Bre-X. Fikiria mwalimu amefundisha miaka 30, chaki mkononi, jina Busang hajawahi kulisikia, na sehemu ya uzeeni wake imewekwa juu ya unga wa dahabu. Na nani aliadhibiwa? Walsh alifariki 1998. Felderhof alishtakiwa kwa makosa ya soko la hisa, mwaka 2007 akaachiwa huru. Hakuna aliyefungwa.

Kilichobaki ni kanuni. Mwaka 2001 Kanada ilianza kutumia kanuni ya 43-101: kampuni ikitangaza wakia, lazima mtaalamu mwenye sifa atajwe kwa jina, awajibike kwa ripoti na aeleze takwimu zimehakikiwa vipi.

Na kwetu? Barrick hiyohiyo iliyoikosa Busang ilinunua Sutton Resources mwaka 1999, ikapata Bulyanhulu, na mgodi ukaanza uzalishaji 2001. Kule dahabu ilikuwepo, wachimbaji wadogo walishaitoa kwa mikono yao. Lakini jina la mtafutaji, cheo cha mjiolojia na kelele za soko havikutofautisha Busang na Bulyanhulu. Jiwe ndilo lilitofautisha.

Wengi wetu tukiajiriwa serikalini michango yetu itakwenda PSSSF, na mifuko ya pensheni huwekeza. Kwa hiyo mwalimu ana haki ya kuuliza: hii tarakimu imetoka kwenye jiwe gani, na nani mwingine amelipima? Anayekujibu kwa hasira badala ya jiwe, ameshakujibu.

Haya wadau, kipindi cha saa nane kinaniita. Wa jiolojia kama kuna mahali nimebana sana, ongezeni nyama. Tupo pamoja.