Vumbi la Urani Hupimwaje Mapafuni mwa Mfanyakazi?

Kwa anayefanya kazi ya urani, adui mkubwa ni vumbi analolivuta. Lile lisiloyeyuka upesi huweza kukaa mapafuni kwa miaka, na huzidisha hatari ya saratani. Ili kujua liko kiasi gani bila kumpasua mtu, hutumiwa mashine ya kupimia mapafu.

Urani hutoa hasa miale ya alfa. Hiyo hudhuru mapafu kwa ndani, lakini haina nguvu ya kutoka nje ya mwili. Kwa hivyo mashine hutafuta miale ya gama, inayopenya mbavu na nyama. Urani 235 hutoa gama inayotambulika vyema. Urani 238 hujulikana kupitia thoriamu 234 inayozaliwa nayo, ambayo gama zake ni dhaifu.

Mfanyakazi kwanza huoga na kuvaa nguo safi, maana vumbi la ngozini lingeharibu hesabu. Kisha huingia chumba cha chuma kinene kinachozuia miale ya nje, na vipokezi huwekwa karibu na kifua chake. Vingi vya siku hizi ni vya jemaniamu, navyo lazima vipozwe sana.

Kipimo hiki kina mipaka. Kifua kikiwa kinene, miale hufifia njiani, na urani chache huweza kupita bila kuonekana. Kwa sababu hiyo mkojo nao hupimwa. Jibu la "hakuna kitu" si hakikisho kwamba mapafu ni safi.

Kiwanda cha Fernald, jimbo la Ohio, Marekani, kilianza kazi mapema miaka ya 1950. Mashine ya kupimia mapafu, iliyobebwa kwa gari, ilianza kufika huko mwaka 1968. Walioajiriwa mwanzo walikuwa wamevuta vumbi zaidi ya miaka kumi na mitano. Sheria ya fidia ilipopitishwa mwaka 2000, rekodi za vipimo zilitegemewa sana kukadiria nani alipata miale kiasi gani. Asiyepimwa huweza kukosa ushahidi.

Majirani zetu Tanzania wana urani eneo la Mto Mkuju, Namtumbo. Huko, na popote pengine litakapochimbwa jiwe hili, mfanyakazi aulize mapema: nitapimwa lini, na karatasi ya majibu nitapewa?