Jagwa Music: Emo ya Uswahilini Isiyo na Gitaa

Juzi nasubiri kivuko pale Kisorya niende Ukerewe, jamaa wa bodaboda akaweka mchiriku. Spika inakoroma balaa, ila hakuna aliyelalamika. Mashabiki wa emo mtanielewa: hisia kwanza, usafi wa sauti baadaye. Washington D.C. walianzia hapohapo miaka ya 1980, kwa magitaa.

Vijana wa Jagwa Music, kundi lililozaliwa Dar mwaka 1992, hawakungoja gitaa. Walibeba midundo ya ngoma za Kizaramo, wakagonga stuli kwa vijiti, halafu kinanda kidogo cha Casio (kile unachoweza kumnunulia mtoto) kikachomekwa kwenye spika kuukuu mpaka kikapiga mayowe. Juu yake mwimbaji analia na mapenzi, Ukimwi, unga, maisha magumu. Wazee wakauita muziki wa wahuni. Sawa tu.

Mwaka 2012 lebo ya Ubelgiji, Crammed Discs, ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads. Hapo ndipo bendi nyingi husafishwa hadi ladha inaisha. Wao? Casio ileile, mikwaruzo ileile.

Msisikilizie kwenye earphone, mtaharibu. Haya, nani anabisha kwamba hii ni emo?