Vifungashio vya dawa za presha

Vifungashio vya ukumbusho ni pakiti zinazotenga vidonge kwa siku au kwa saa ya kumeza, ili mgonjwa aone kwa macho kama dozi ya leo imeshatoka. Vingine ni blista zilizoandikwa majina ya siku. Vingine ni visanduku vya plastiki vya vyumba saba, ambavyo mwenye dawa hujaza mwenyewe kila wiki. Vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo vilivyouzoesha umma mtindo huu, Marekani, tangu mwaka 1963.

Presha ya kupanda mara nyingi haiumi, kwa hiyo hakuna maumivu ya kumkumbusha mtu dawa anayopaswa kumeza miaka nenda miaka rudi. Jaribio la vifungashio hivi linalotajwa sana lilifanyika katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, na kuchapishwa mwaka 2006. Wazee 200 wa miaka 65 na zaidi, kila mmoja akitumia dawa zisizopungua 4, walipangiwa vidonge katika blista na kuelimishwa na wafamasia. Ndani ya miezi 6 ufuasi wa dawa ulipanda kutoka asilimia 61 hadi karibu 97. Kisha wakagawanywa kwa kura: waliorudishwa kwenye huduma ya kawaida walishuka hadi 69, wenzao wakabaki 95. Sifa zote hazistahili kwenda kwa blista, maana mfamasia naye alikuwa akiwafuatilia. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane wa mwaka 2011, uliojumuisha tafiti 12, uliona nyongeza ya wastani zaidi: takriban asilimia 11 ya vidonge vilivyomezwa.

Katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki blista yenye majina ya siku mara nyingi haifiki nyumbani ikiwa nzima. Asiyekuwa na fedha za mwezi mzima hununua vidonge vichache. Muuzaji hukata blista kwa mkasi, na kipande huweza kutoka bila tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vya kopo huingia kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1×1, basi. Dawa mseto ya malaria imefungashwa vizuri kwa uzito wa mgonjwa, lakini hiyo ni dozi ya siku 3.

Wala kifungashio hakimgusi anayeacha amlodipini kwa sababu miguu inavimba, au enalaprili kwa sababu ya kikohozi. Huyo hubadilishiwa dawa. Kwa wanaolemewa na wingi wa vidonge, Shirika la Afya Duniani liliingiza mwaka 2019 kwenye orodha yake ya dawa muhimu vidonge vinavyounganisha dawa mbili za presha katika kimoja.