Asili ya Neno na Muktadha wa Maana: Neno “Imani” katika Biblia ya Kiswahili na Masikio ya Maramba

1.0 Utangulizi

Maramba ni mji mdogo wa wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, kati ya milima ya Usambara Mashariki na mwambao wa Bahari ya Hindi. Katika eneo hilo hukutana wasemaji wa Kidigo, Kisambaa, Kibondei na lugha nyingine, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Waislamu na Wakristo wa hapo hutumia msamiati mmoja wa dini: sala, dhambi, toba, sadaka na imani ni maneno ya msikitini na ya kanisani vilevile. Mazingira hayo yanaibua swali la msingi katika ufasiri wa Maandiko: je, maana ya neno huamuliwa na lilikotoka, au na linamotumika? Makala haya yanatumia historia ya neno imani kudai kwamba muktadha ndio unaotangulia, na kwamba tafsiri za Biblia za Kiswahili zenyewe zinauthibitisha ukweli huo.

2.0 Mjadala wa Asili ya Maneno

Swali hilo lina historia ndefu katika ukanda huu. Ludwig Krapf alimtembelea Kimweri, mtawala wa Usambara, mwaka 1848. Baadaye misheni ya UMCA, ambayo Askofu Edward Steere alikuwa mhimili wake wa lugha huko Zanzibar, iliweka kituo Magila katika nchi ya Wabondei. Biblia nzima iliyotokana na jitihada za misheni hiyo ilikamilika mwaka 1891. Msamiati wake ulichotwa katika Kiswahili cha pwani, lugha iliyokwisha kukaa na Uislamu kwa karne nyingi.

Karl Roehl, mmisionari wa Bethel aliyefanya kazi miongoni mwa Wasambaa, hakuridhika na msamiati huo. Katika tafsiri yake, iliyokamilika kwa Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Nabii akawa mfumbuaji. Na palipotazamiwa kitenzi amini, mara nyingi aliweka tegemea. Hoja zake alizieleza mwaka 1930 katika jarida la Africa. G. W. Broomfield wa UMCA alimpinga katika jarida hilohilo mwaka 1931, akiona kuwa maneno yale yalikwisha kuwa Kiswahili.

Mjadala huo haukuwa wa ladha ya lugha tu. Kila upande ulikuwa na jibu lake kuhusu makao ya maana. Miaka 30 baadaye, James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu semantiki ya lugha ya Biblia, aliwakosoa wanateolojia waliojenga hoja juu ya mizizi ya maneno ya Kiebrania na Kigiriki badala ya matumizi yake katika sentensi.

Kiswahili kina ushahidi wake. Mtume ni neno la Kibantu, kutokana na kitenzi tuma. Hata hivyo, likitamkwa pwani bila maelezo zaidi, wengi humfikiria kwanza Muhammad. Katika Matendo ya Mitume hutaja wanafunzi waliotumwa na Yesu, na katika Waebrania 3:1 hutajwa nalo Yesu mwenyewe. Asili ni moja, warejelewa ni watatu. Kinyume chake, Injili limepitia Kiarabu, lakini chimbuko lake ni Kigiriki. Kwa hiyo, ubantu wa neno hauliepushi na Uislamu, wala sura yake ya Kiarabu haithibitishi kuwa ni la Kiislamu kwa asili.

3.0 Imani katika Miktadha Yake

Imani ina mzizi mmoja na amini, amana na uaminifu. Mzizi huo hautoshi kuieleza. Pwani, kumwonea mtu imani ni kumhurumia. Tajiri asiyemjali mwenye njaa huambiwa hana imani, hata kama hakosi kusali. Aidha, “watu wa imani nyingine” ni watu wa dini nyingine.

Msikilizaji wa Maramba huingia kanisani na maana hizo zote. Katika Warumi 4, habari ya Ibrahimu na ahadi aliyopewa huzibana maana hizo hadi ibaki moja: kumtumaini Mungu aahidiye. Katika Yakobo 2 mambo ni tofauti. Mfano wa ndugu asiye na nguo wala chakula unaifufua maana ya pwani: imani isiyomlisha mwenye njaa ni imani ya mtu asiye na imani. Hapo maana ya mtaani haipotoshi andiko, bali inalitia nguvu.

Watafsiri nao walitii kanuni hiyo. Neno la Kigiriki pistis kwa kawaida hutafsiriwa imani. Lakini katika Warumi 3:3, ambako mwenye sifa hiyo ni Mungu, tafsiri ya Union ya mwaka 1952 imeweka uaminifu. Neno la Kigiriki halikubadilika. Kilichobadilika ni mwenye sifa. Hata tegemea la Roehl halikuweza kuukwepa muktadha: mtu hutegemea ukuta, na mtoto humtegemea mzazi.

4.0 Hitimisho

Suala hili lina uzito katika maisha ya waumini. Mhubiri anayemwambia mgonjwa kwamba hakupona kwa sababu hana imani anaweza kukusudia maana ya Warumi, huku majirani wakisikia kwamba mgonjwa huyo ni mtu asiye na huruma. Kamusi na mizizi haviwezi kuiondoa aibu hiyo. Kinachoweza ni kulisoma neno pamoja na aya yake, kitabu chake na jamii inayolisikia. Roehl alikuwa na haki kutambua kwamba maneno huja na historia. Lakini historia hiyo haikuishia kwenye chimbuko. Inaendelea kuandikwa na wanaoyatumia, wakiwemo wale wa Maramba.